Zamu ya Kwanza ya Kina Lumsden

Ina Lumsden alikuwa na vitu vingi vilivyomtia kinyaa, na karibu vyote alivikuta kwenye uwanja wa gofu. Mtu anayerusha majani hewani kupima upepo, wakati upepo wenyewe umeshamvua kofia. Mtu anayeuzunguka mpira wake kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mtu anayechuchumaa, akasimama, akaenda kuchuchumaa upande wa pili, halafu anaupiga mpira unakwenda kando vilevile. Watu wa namna hiyo Ina aliwatazama kama unavyomtazama mtu mzima anayechokonoa pua mezani.

"Wanakula muda wa wenzao," alizoea kusema. "Na wanautafuna mdomo wazi."

Yeye alikuwa mwepesi tangu utoto. Alipomaliza shule aliingia kazini kwenye nyumba ya kukausha samaki kwa moshi, pale bandarini Kilbrae, pwani ya mashariki ya Uskoti, na huko alipasua samaki mpaka alipostaafu. Wenzake walisema samaki wa Ina hakupata hata nafasi ya kushangaa. Chai aliinywa ingali inaunguza. Viazi alivimenya huku akitembea. Mumewe alikuwa mtu wa taratibu mno, akafa ghafla siku moja akivaa soksi, na Ina, ambaye alimpenda na alimlilia, alisema hicho ndicho kitu pekee marehemu alichowahi kukifanya haraka.

Ingawa aliolewa, mji mzima uliendelea kumwita kwa jina la baba yake, na sababu ni gofu.

Uwanja wa Kilbrae uko kati ya nyumba na bahari. Watu hukatiza humo na mbwa wao na vigari vya watoto. Mchezo wa Jumamosi asubuhi ni wa wawili wawili, na wawili hao wana mpira mmoja. Huyu akipiga, pigo linalofuata ni la mwenzake, hivyo hivyo mpaka mpira uingie shimoni. Wakiujua, wanakwenda kama maji mtaroni. Kazi yote iko miguuni. Mmoja anapojiandaa kupiga, mwenzake hasimami kumwangalia. Ameshatangulia kule mbele mpira utakakoangukia, na mpira ukitua unamkuta yuko tayari, fimbo mkononi.

Zamu hapangi mtu. Wanaorudi wa kwanza Jumamosi hii ndio wanaoanza wa kwanza Jumamosi ijayo, basi. Na huwezi kumpita mtu uwanjani mpaka yeye mwenyewe akupungie mkono. Kuomba kupita ni utovu wa adabu. Hata kukohoa kwa makusudi watu huona umevuka mpaka. Unachoruhusiwa ni kusimama mahali unapoonekana, ukakunja mikono kifuani, ukangoja aone haya.

Mzee Wattie Lumsden, baba yake Ina aliyekuwa tarishi wa barua, aliichukua zamu ya kwanza Ina akiwa bado anabebwa. Alicheza na mwanawe mkubwa, Dod. Magoti yalipomkatalia, Ina akaingia mahali pake. Zamu ile haikutoka kwenye ukoo. Hakuna Lumsden aliyewahi kumpungia mtu mkono, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwafikia. Mpishi wa klabu alipowaona kaka na dada wakitokea kwenye kilima cha mwisho, ndipo alipokumbuka kuwasha jiko.

Basi fikiria Ina alivyojisikia Dod alipoanza kubadilika.

Ilianza majira ya kuchipua. Kwanza Dod aliacha kutangulia. Ina akisimama kupiga, Dod amesimama ubavuni pake, mikono mfukoni, kama mtu anayesubiri basi. Kisha akaanza kuchuchumaa nyuma ya mpira. Akaanza kuuzunguka. Akaanza kuuliza, "Unaionaje hii, Ina?" yeye ambaye zamani angekuuma ukimwelekeza. Na baya kuliko yote, akaanza kuulamba mpira. Aliuokota anaporuhusiwa kuuokota, akautoa ulimi mrefu, akaulamba pande zote, akausugua kwenye suruali, akautazama kwa pembeni, akaulamba tena. Uwanja ule una sungura wengi kuliko watu, na vinyesi vyao viko kila mahali. Ina alipouona ule ulimi alihisi chai ya asubuhi ikipanda.

"Amewatazama mno hawa wa kwenye televisheni," alimwambia Tam Baird, mwoka mikate. "Anadhani ni mmoja wao."

Tam alikuwa akimfungia mikate ya duara. Ilikuwa Ijumaa na duka lilikuwa na watu, na Tam hakuwahi kuacha duka lenye watu lipite bure.

"Enhe, Ina, msafara wa mazishi kesho unaondoka saa ngapi?"

"Msafara gani?"

"Wenu, wewe na Dod. Nataka nije na blanketi, nilale pale shimo la tatu nikiwasubiri. Mke wangu anasema nibebe na uji."

Watu wakacheka.

"Cheka, Tam. Zamu bado ni yetu."

"Ni yenu, nani kakataa? Lakini mmeikalia kama mtu aliyejifungia kwenye choo cha umma. Sisi wengine tuko nje hapa, tunabana miguu."

Ina alitoka na mikate yake, uso ukimwaka. Lililomchoma si ule utani. Ni kwamba neno hilo hasa, la choo, angelisema yeye mwenyewe juu ya mtu mwingine, na lingekuwa kweli. Njiani aliapa kwamba kesho atamkimbiza Dod kama mbuzi. Zamu ya baba haitapotea mikononi mwake kwa sababu ya mzee anayelamba mipira.

Jumamosi upepo ulitoka baharini, wa baridi ya kuingia masikioni. Nyuma yao walifuata Struan Gourlay, fundi wa mapaa, na mkewe Mairi. Mairi alikuwa anacheza kwa mara ya kwanza tangu ajifungue. Ina mwenyewe alikuwa amemfumia mtoto kofia, na kabla ya kuanza aliuliza habari zake.

"Yuko kwa mama yangu," Mairi alisema, akitabasamu kama mtu aliyetoroka shule. "Nimemnyonyesha akashiba, akalala. Tukienda mwendo wenu, Bi Ina, nitamkuta hata hajaamka."

"Mtamkuta," Ina alisema, akamgeukia kaka yake. "Umesikia, Dod? Piga."

Dod akautoa ulimi.

"Dod! Sungura wameshinda humo wiki nzima!"

"Mate hayajamuua mtu."

"Si mate yanayonichefua. Ni unachokimeza."

"We piga kelele tu, mdogo wangu. Mimi najipanga."

"Unajipanga kwenda vitani?"

Alijipanga. Alizunguka, akachuchumaa, akanyanyuka huku akishika kiuno, akapenga kamasi kwa kidole nyasini, akauliza bendera imeelekea wapi kwa upepo huu. Ina akajibu akiwa amekaza meno. Mwishowe akapiga, na mpira ukaenda vizuri sana, jambo lililomkera Ina zaidi. Mtu mwenye mkono kama ule ana haja gani na ngonjera zote zile?

Shimo la pili lilikuwa la Ina kuanza. Dod akasimama ubavuni pake.

"Nenda mbele."

"Nakusubiri."

"Nani kakwambia nataka kusubiriwa?"

"Tutembee pamoja, tuzungumze kidogo."

"Tuzungumze! Tangu utoto wetu hatujazungumza uwanjani, leo ndio umepata hamu?"

Walipofika shimo la tatu, Struan na Mairi walikuwa wamesimama nyuma, wakingoja. Ina aliona kwa mkia wa jicho akajifanya hakuona. La nne, wakawa wamesimama tena. Dod alikuwa amelala kifudifudi karibu na shimo, shavu limegusa majani, eti anasoma mteremko, kumbe mteremko wenyewe wameucheza tangu wakiwa na meno ya utotoni. Kipande cha nyasi kilinata kwenye mdomo wake uliolowa. Ina alitazama pembeni. Alijiambia, huyu ni kaka yangu, alinifundisha kuogelea, alinibeba mgongoni nilipokanyaga msumari. Haikusaidia kitu. Alimwona kinyaa tu, kama unavyoona kinyaa nywele kwenye supu, hata kama unajua ni za mama yako.

Kwenye la tano alithubutu kugeuka. Mairi alikuwa amekunja mikono kifuani.

Aibu ilimshuka Ina mpaka kwenye nyayo. Tangu baba yake aishike zamu ile, hakuna aliyewahi kumkunjia Lumsden mikono. Tena binti huyu mpole! Akamsukuma Dod, akamwita mzoga, akabeba mikoba yote miwili ya fimbo mwenyewe akaanza kukimbia nayo. Dod akamfuata polepole, akinyanyua miguu juu kama mtu anayevuka matope.

Mpaka la sita. Pale Dod alikuwa amechuchumaa kwa mara ya tatu nyuma ya mpira uleule, na Ina, kwa kutotaka kumtazama, akamtazama Mairi vizuri.

Ile haikuwa mikono ya kumkunjia mtu. Mairi alikuwa amejikumbatia kwa nguvu, mabega yameinama, mgongo ameupa upepo. Struan alikuwa anavua sweta lake ili amfunike kwa mbele. Kabla halijamfunika, Ina aliona blauzi ya bluu hafifu, na madoa mawili yaliyolowa, kila upande moja, yakipanuka.

Ina alizaa wanne. Aliijua ile mikono. Huko kwa bibi yake mtoto ameshaamka na anamtafuta mama, na maziwa yamejaa mpaka yanatoka yenyewe kwenye baridi ile, na binti wa watu amesimama anauma mdomo kwa maumivu. Na hataomba. Wala Struan hataomba. Watasimama pale mpaka jioni, kwa sababu ni watu wa Kilbrae na wamelelewa vizuri.

Kichefuchefu kilichompanda Ina safari hii kilikuwa kikubwa kuliko vyote, na hakikuwa cha Dod peke yake. Mashimo matatu mazima alikuwa akijionea haya kwa ajili ya jina lake, wakati nyuma yake mwanamke anavuja maziwa kwenye upepo. Lumsden! Zamu ya kwanza! Akaiona zamu ile ilivyo, kitu kichafu walichokishika kwa sababu tu hakuna aliyethubutu kuwanyang'anya.

Akaweka mikoba chini. Akanyanyua mkono juu kabisa, akaupunga.

Struan alisimama kama aliyeona mzimu. Ina akapunga tena, kwa hasira, kama anafukuza shakwe kwenye samaki.

"Pita! Piteni, mnangoja nini?"

Walikuja mbio. Mairi alipomfikia, macho yalikuwa yamejaa machozi.

"Asante, Bi Ina. Hukuwa na haja ya..."

"Usinishukuru, utanitapisha. Hapo njia ya vigari vya watoto inakatiza kwenda mjini, nenda zako ukanyonyeshe. Struan, maliza mchezo mwenyewe, mapigo yake na yako upige wewe, na atakayesema neno mlete kwangu."

Mairi akaondoka kwa kukimbia, sweta la mumewe limembana kifuani. Struan akapiga mpira wake mara moja bila mbwembwe, akaufuata.

Dod alikuwa amenyanyuka.

"Umefanya nini?"

"Umeona nilichofanya."

"Umempungia mkono! Umeitoa zamu ya baba! Jumamosi ijayo fundi wa mapaa ndiye anayetoka wa kwanza!"

"Nimeitoa mimi? Umeitoa wewe, shimo kwa shimo, kwa ulimi wako na makalio yako yaliyo chini muda wote! Hukumwona yule binti? Umemtazama tangu asubuhi, hukuona hali yake?"

Dod aligeuza uso pembeni.

"Nakuuliza. Blauzi yote imelowa, hukuona?"

"Piga kelele polepole."

"Sipigi polepole. Haya, cheza. Bendera ile pale, mpira huo hapo, cheza twende nyumbani."

"Pale wapi?" Dod alisema.

"Pale! Pale mbele ya pua yako!"

Alikuwa amegeuza uso pembeni, kuelekea baharini, kama mtu aliyenuna. Lakini hakununa. Alikuwa akimtazama yeye, kwa ukingo wa jicho.

"Nikitazama mbele hakuna kitu, Ina," alisema. "Katikati pamekufa. Daktari kasema hapatarudi. Kando naona kidogo. Nikikutazama uso, uso haupo, kuna kofia na mabega tu. Nikitazama bahari ndio nakuona."

Upepo ulivuma. Mambo yakamjia Ina moja baada ya jingine. Gari alilouza Dod majira ya kuchipua, akidai limeoza. Kuchuchumaa, ili atafute mpira kwa karibu. Kuulamba, ung'ae. "Unaionaje hii, Ina?" Na kutotangulia, maana angetangulia kwenda wapi?

Ungetegemea alie, au amkumbatie. Hata Dod alitegemea hivyo, akafungua mikono kidogo. Ina akampiga kofi la bega.

"Mjinga! Mjinga mchafu wewe! Tangu majira ya kuchipua umenifanya nikuone kama funza! Nimelala nikikuchukia! Kwa nini hukusema?"

"Ningesema ungetafuta mtu mwingine wa kucheza naye."

"Ndiyo! Ningetafuta!"

"Basi."

"Siku ileile ningetafuta! Nisingengoja hata jua lizame!"

"Najua. Nilikulea mimi, nakujua." Dod alifuta pua kwa mkono. "Nikaona bora unione mchelewaji. Nilijua ni matusi makubwa, lakini mchelewaji angalau unamgombeza, unabaki naye. Kipofu ungemwekea kiti pale dirishani, ukamletea chai, ukaenda."

Ina alitaka kusema si kweli. Lakini ilikuwa kweli, na hilo nalo lilimtia kinyaa. Nyuma yao kwenye kilima wachezaji wengine wawili walikuwa wametokea. Mmoja alikuwa Tam Baird.

"Wanakuja?" Dod aliuliza.

"Wanakuja. Tam."

"Ah, Mungu wangu."

Ina akampungia mkono Tam pia, kabla hata hajafika. Tam alipopita hakusema lolote. Aligusa kofia yake, akaharakisha, na mtu anayemjua Tam atajua kwamba kunyamaza kule kulimgharimu.

Kisha Ina akaenda nyuma ya Dod. Akamshika mabega mawili, akamgeuza, kama unavyomgeuza mtoto unapomvalisha sare.

"Hapo. Fimbo ya saba. Mkono kamili. Usilambe kitu."

Dod akapiga. Hakuzunguka, hakuchuchumaa, hakuuliza. Mpira ulikwenda juu ukatua karibu na bendera, na aliyeuona ni Ina peke yake.

"Umekwenda wapi?"

"Kando," alisema kwa ukali. Kisha akaona ni dhambi. "Uko karibu na shimo, shetani wewe. Tembea."

Walimaliza katikati ya kundi, jambo lisilowahi kutokea. Kwenye jumba la klabu mikate ilikuwa imepoa na mafuta ya nyama yameganda meupe juu yake, na Ina akajua kwamba hivi ndivyo wengine wote walivyokula miaka yote. Struan alikuja, akabadilisha mguu huu na huu, akasema angependa warudishiwe zamu yao, Mairi naye anasema hivyo hivyo.

"Zamu ni yenu," Ina alisema. "Mkipunguza mwendo mbele ya watu, nitakuja kuwachinja."

"Na ninyi mtaanzia wapi?"

Dod aligeuza uso dirishani, ili amwone dada yake. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono yote miwili.

"Mwisho," Ina alisema. "Nyuma ya kila mtu. Huko hatumchelewishi yeyote."

"Nyinyi wawili?" Struan aliuliza.

"Sasa nani, mimi na paka?"

Jumamosi iliyofuata walianza wa mwisho, na ilikuwa mbaya kama Ina alivyohofia. Mbele yao walikuwa wageni wawili kutoka mjini, wenye glavu mpya na suruali zilizopigwa pasi. Walisimama kwenye shimo la kwanza muda ambao Ina zamani angekuwa ameshafika la tatu. Alihisi damu ikipanda shingoni. Hakuna pa kwenda. Itakuwa hivi Jumamosi zote alizobakiwa nazo, akitazama migongo ya wazembe.

"Kwa nini tumesimama?" Dod aliuliza.

"Usitake kujua."

"Nataka. Wanafanya nini?"

Ina aliguna. "Mmoja anapimapima hewani kwa fimbo. Kama anatwanga. Moja, mbili... anatwanga tena. Mwingine amepiga magoti."

"Anasali?"

"Anapiga picha ya mpira wake."

"Mwongo!"

"Haki ya Mungu. Sasa ameinuka. Anajikuna. Dod, anajikuna pale pale, mkono wote umezama ndani, halafu, hapana, hapana, anatoa mkate kwa mkono uleule!"

"Anaula?"

"Anaula!" Ina aliziba mdomo. "Na analamba vidole!"

Dod alicheka mpaka akashika fimbo yake ili asianguke, akigeukia bahari, machozi yakimtoka kwenye macho yale. "Endelea," alisema. "Yule mwingine je?"

Ina akasogea karibu naye, akamshika mkono, akaendelea.